Nani hasa anatoa shahada? Kuielewa mitandao ya vyuo vikuu vya Ulaya

Mwaka 1982 binti mmoja wa Kifaransa alivuka mpaka kwenda Ubelgiji kusomea uchoraji wa katuni katika chuo cha sanaa cha mji wa Liège. Akakuta wanafunzi wageni wanadaiwa ada ambayo Mbelgiji halipi. Akagoma kulipa. Chuo nacho kikakataa kumsajili, na bila usajili hata kibali chake cha kuishi nchini kikaingia mashakani. Akafungua kesi, na mahakama ya Liège ikapeleka swali Luxembourg, kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya. Tarehe 13 Februari 1985 majaji wakaamua kwamba kumtoza raia wa nchi mwanachama ada ambayo mwenyeji hatozwi, katika masomo yanayomwandaa mtu kwa kazi, ni ubaguzi unaokatazwa na mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya.

Kesi hiyo, ambayo wanasheria wanaiita Gravier, haitajwi sana nje ya vitivo vya sheria, lakini bila kuijua ni vigumu kuelewa kwa nini ushirikiano wa vyuo vya Ulaya una sura uliyo nayo leo. Mkataba wa Roma wa 1957, ulioanzisha Jumuiya hiyo, haukuwa na kifungu kinachohusu vyuo vikuu. Ulizungumzia forodha, kilimo, na kwa mbali mafunzo ya kazi. Majaji waliposema kwamba masomo ya chuoni nayo yanaweza kuhesabiwa kuwa mafunzo ya kazi, Tume ya Ulaya ikapata mlango wa kuingilia. Juni 1987 mpango wa Erasmus ukapitishwa, na katika mwaka wake wa kwanza wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11 wakaenda kusoma kwa jirani.

Serikali nazo hazikulala. Katika Mkataba wa Maastricht wa 1992 elimu iliandikwa rasmi, ila kwa mipaka: Umoja wa Ulaya uruhusiwe kuhamasisha, kusaidia na kufadhili, lakini marufuku kuzilazimisha nchi zifananishe sheria zao za elimu. Siku hizi hicho ni kifungu cha 165 cha mkataba unaoongoza shughuli za Umoja. Brussels inaweza kumwamuru mkulima wa Ureno kuhusu dawa ya kunyunyizia mizabibu yake, lakini haiwezi kukiambia Chuo Kikuu cha Coimbra digrii ya sheria ichukue miaka mingapi. Mitandao yote utakayoisikia ikitajwa ni njia ya kuuzunguka ukuta huo.

Ndiyo maana majina ni mengi na yanachanganya. Mtu anasikia Bologna, Erasmus, Coimbra, LERU, Una Europa, CIVIS, anadhani ni matawi ya mti mmoja. Sivyo. Bologna ni makubaliano ya serikali. Erasmus ni mfuko wa fedha. Coimbra na LERU ni vyama vya vyuo. Una Europa na CIVIS ni miungano mipya inayojaribu kufanya jambo ambalo hao wengine hawajaliweza, yaani kutoa shahada moja kwa pamoja.

Tuanze na Bologna, maana ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mei 1998 mawaziri wa elimu wa Ufaransa, Ujerumani, Italia na Uingereza walikutana Sorbonne, Paris, wakakubaliana kuzisogeza karibu shahada zao. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Juni 1999, nchi 29 zikatia saini tamko la Bologna. Tamko hilo si sheria ya Umoja wa Ulaya, wala nchi haishtakiwi kwa kulipuuza. Uturuki imo, Kazakhstan imo, hata Vatican imo. Leo eneo la elimu ya juu lililotokana na tamko hilo lina nchi 49, na Tume ya Ulaya nayo ni mwanachama, ingawa Urusi na Belarusi zilisimamishwa uwakilishi mwaka 2022 baada ya uvamizi wa Ukraine.

Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na mpangilio wake. Mjerumani alisoma miaka mitano au sita mfululizo akatoka na Diplom au Magister, pasipo kituo cha katikati. Mfaransa alipita ngazi kadhaa fupifupi, kila moja na cheti chake. Mwingereza alimaliza digrii kwa miaka mitatu. Bologna ikaleta ngazi tatu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu. Ujerumani ilibadilisha karibu kila kitu, na mwaka 2009 wanafunzi wakaingia mitaani na kuvamia kumbi za mihadhara, wakilalamika kwamba masomo ya miaka mitano yamefinyangwa yakae ndani ya mitatu. Hata hivyo wanasheria na madaktari wa Kijerumani hawakuguswa sana. Wanaendelea na mtihani wao wa serikali kama zamani. Kwa hiyo ukisikia Ulaya ina mfumo mmoja wa shahada, punguza kidogo.

Kilicholeta mabadiliko ya kweli, kwa maoni yangu, si tamko lolote bali kipimo kidogo cha kuhesabia kazi ya mwanafunzi: krediti ya ECTS. Ilianza kujaribiwa mwaka 1989 ndani ya Erasmus. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, yaani darasani, maktaba, maabara na kwenye mitihani. Shahada ya kwanza ni krediti 180 hadi 240. Kinachohesabiwa ni jasho la mwanafunzi. Saa alizosimama mhadhiri ubaoni hazimo kwenye hesabu hiyo.

Uone inavyofanya kazi. Chukua mwanafunzi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, anayetaka muhula mmoja Freiburg, Ujerumani. Kwanza lazima vyuo viwili viwe na makubaliano kati yao, na mara nyingi makubaliano hayo ni ya idara kwa idara: nafasi mbili za uchumi, moja ya falsafa, basi. Kisha mwanafunzi anaandika mkataba wa masomo. Upande mmoja anaorodhesha kozi atakazosoma Ujerumani pamoja na krediti zake, upande wa pili kozi za Italia zitakazofidiwa. Zinatakiwa saini tatu: yake, ya chuo chake, na ya chuo mwenyeji. Akifika Freiburg akaambiwa kozi mojawapo haifundishwi muhula huo, orodha inabadilishwa na saini tatu zinatafutwa upya.

Halafu kuna kalenda. Mihadhara ya muhula wa baridi Ujerumani huanza katikati ya Oktoba na kuishia Februari. Italia wanakuwa wameshaanza tangu Septemba. Mwanafunzi anayerudi anaweza kukuta wenzake wako katikati ya mitihani.

Na alama je? Hapa ndipo penye vituko. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa na 5.0 ni kufeli. Italia mtu anafaulu kuanzia 18 hadi 30, na aliyefanya vizuri mno anapewa 30 pamoja na sifa. Ufaransa wanahesabu hadi 20, lakini mwenye 16 hutembea kifua mbele, kwa kuwa 20 ni nadra mno. Hispania ni 10. Denmark wana ngazi saba, zinaanzia −3 na kuishia 12. Ukichukua kikokotoo ukageuza 16 ya Paris kuwa asilimia 80, umemdhulumu mwanafunzi. Njia inayopendekezwa sasa ni jedwali la mgawanyo: kila chuo kinaonyesha ni asilimia ngapi ya wanafunzi wake walipata kila alama, kisha alama inalinganishwa na nafasi ya mtu ndani ya kundi. Kama 16 ya Paris inawapata wachache sawa na wanaopata 30 ya Bologna, basi hizo ni sawa. Haki imetendeka, ilimradi vyuo vyote viwili viwe na hilo jedwali, na ofisa wa idara awe na muda wa kulisoma.

Kwa upande wa fedha, Erasmus imekua mno. Bajeti ya kipindi cha 2021 hadi 2027 ni kama euro bilioni 26, na inagusa pia shule, vyuo vya ufundi na michezo. Mwanafunzi wa kubadilishana halipi ada kwenye chuo mwenyeji; anabaki amesajiliwa nyumbani na anapewa ruzuku ya kujikimu. Jina la mpango linamkumbuka Desiderius Erasmus wa Rotterdam, mwanazuoni aliyezunguka Paris, Cambridge, Turin na Basel zama ambazo Kilatini kilimtosha kila alipokwenda.

Fedha hizo pia ni fimbo, na hili vyuo havipendi kulisema kwa sauti. Februari 2014 Waswisi walipiga kura ya kuzuia wahamiaji, na mwaka huohuo wakajikuta nje ya Erasmus, wakabaki kuwalipia wanafunzi wao wenyewe kwa mfuko wa nyumbani. Desemba 2022 nchi za Umoja ziliamua kutofunga mikataba mipya ya fedha za Umoja na taasisi za Hungaria zilizowekwa chini ya wakfu zinazoshukiwa kuwa karibu mno na wanasiasa, na vyuo vikuu vingi vya nchi hiyo viko chini ya wakfu wa namna hiyo. Profesa wa Szeged, Hungaria, hakumkosea mtu. Uingereza iliondoka yenyewe mwishoni mwa 2020, ikaanzisha mpango wake wa kuwapeleka wanafunzi nje.

Vyama vya vyuo nitavipita haraka. Kundi la Coimbra lilianza miaka ya 1980 likiunganisha vyuo vya kale kama Coimbra kwenyewe, Leiden na Salamanca. LERU iliundwa mwaka 2002 na vyuo 12 vyenye utafiti mwingi. UNICA inakusanya vyuo vya miji mikuu. Chama cha vyuo vyote, EUA, kilizaliwa Salamanca mwaka 2001 na kina wanachama zaidi ya 800. Kazi yao kubwa ni kukutana, kubadilishana uzoefu, na kugonga milango ya Brussels bajeti ya utafiti inapopangwa. Ni kazi halali, na wakati mwingine muhimu, lakini nembo ya chama kwenye tovuti ya chuo haimpeleki mwanafunzi popote. Coimbra wana jambo moja linalotugusa: ufadhili wa muda mfupi, wa mwezi mmoja hadi mitatu, kwa watafiti vijana kutoka Afrika kusini mwa Sahara.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna makelele. Kwenye bonde la juu la mto Rhine, pale Ujerumani, Ufaransa na Uswisi zinapopakana, kuna vyuo vitano: Basel, Freiburg, Strasbourg, Haute-Alsace na Karlsruhe. Vilianza kushirikiana mwaka 1989 kwa jina la EUCOR. Mwanafunzi wa chuo kimoja anaweza kuchukua kozi kwenye chuo kingine bila kulipa ada ya pili, na treni kutoka Freiburg hadi Basel haifiki hata saa nzima. Mwaka 2015 walijisajili kama chombo kimoja cha kisheria cha kuvuka mipaka, aina ambayo kwa kawaida hutumiwa na serikali za mitaa. Hawa walifanikiwa kwa sababu ya ujirani. Mtu anaweza kuhudhuria somo la asubuhi nchi moja akalala kwao nchi nyingine.

Miungano mipya inataka kuufanya ujirani huo kwa vyuo vilivyo mbalimbali. Tarehe 26 Septemba 2017 Rais Macron, akihutubia Sorbonne, alipendekeza vyuo vikuu vya Kiulaya angalau 20 ifikapo 2024. Tume ikalidaka wazo. Mwaka 2019 ilichagua miungano 17, na kufikia 2024 ilikuwa 64 yenye vyuo zaidi ya 560 katika nchi 35. Una Europa inaunganisha Leuven, Bologna, Helsinki, Krakow na wengine. 4EU+ ina Sorbonne, Prague, Heidelberg, Warsaw. CIVIS ina Roma, Athens, Bucharest, Stockholm, na imejifunga na washirika sita wa Afrika, Makerere ikiwemo.

Piga hesabu ya fedha zake. Muungano mmoja hupewa hadi euro milioni 14.4 kwa miaka minne, yaani milioni 3.6 kwa mwaka. Ukiwa na vyuo tisa, kila chuo kinabaki na kama euro 400,000. Hizo zinalipa waratibu kadhaa, safari na semina. Kwa chuo chenye wanafunzi 40,000 ni tone tu. Kwa hiyo nikiona tangazo kwamba vyuo tisa vimekuwa chuo kimoja, huwa najiuliza ni nani analipa mishahara ya walimu. Jibu ni lilelile la miaka yote: serikali ya kila nchi.

Na serikali inayolipa ndiyo inayotoa shahada. Hapa ndipo mradi wote unapokwama. Vyuo vinne vya nchi nne vikitaka kufundisha shahada moja ya pamoja, kila nchi ina chombo chake cha ithibati. Mawaziri wa Bologna walikutana Yerevan mwaka 2015 wakakubali njia moja ya kutathmini programu za pamoja, ukaguzi mmoja utoshe kwa wote, lakini si kila nchi iliyoiingiza kwenye sheria zake. Ada nazo hazilingani. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa kawaida havitozi, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wasio raia wa Umoja euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Uholanzi inatoza hata raia wake. Sasa mwanafunzi wa programu ya pamoja alipe ada ya nani?

Hata karatasi yenyewe ni ugomvi. Shahada rasmi ya Hispania hutolewa kwa jina la Mfalme, mkuu wa chuo akitia saini kwa niaba yake. Muhuri wa chuo cha Jamhuri ya Ufaransa ukae wapi kwenye karatasi ya Mfalme Felipe wa Sita? Unaweza kucheka, ila kuna watu walioajiriwa kulijibu swali hilo. Mara nyingi jibu linakuwa ni kutoa shahada mbili au tatu tofauti kwa masomo yaleyale, na kuziita za pamoja.

Machi 2024 Tume ilitoa mapendekezo ya shahada ya Kiulaya. Mei 2025 mawaziri wakaridhia hatua ya kwanza, ambayo ni alama ya ubora ya kubandikwa kwenye shahada za pamoja zinazotimiza vigezo. Shahada yenyewe inabaki ya nchi husika. Wanaokwenda mbio zaidi ni nchi ndogo: Ubelgiji, Uholanzi, Luxembourg, Estonia, Latvia na Lithuania zilitia saini mwaka 2021 mkataba wa kutambuliana shahada moja kwa moja, bila maombi wala ada.

Afrika Mashariki hili tulilianzia upande wa pili. Tulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kuanzia 1963, kikavunjika 1970 kuwa Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Baraza la vyuo vikuu vya kanda, IUCEA, likabaki kushikilia kamba, na liliposhughulikia viwango vya ubora lilisaidiwa na Wajerumani wa DAAD, shirika lao la kubadilishana wasomi. Mei 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, wazo ambalo ukilitazama utaiona Bologna ndani yake. Ila kipimo chetu si kilekile. Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi na mwaka una krediti 120, kama Waingereza. Anayesoma hati ya matokeo ya Ulaya yenye krediti 60 asidhani mwenye nayo alisoma nusu mwaka.

Kwa msomaji wa huku anayetafuta nafasi, mlango mkubwa ni Erasmus Mundus, programu za uzamili zilizoanza mwaka 2004. Programu huendeshwa na vyuo visivyopungua vitatu vya nchi tatu, na mwanafunzi husoma katika nchi mbili au zaidi. Anayepata ufadhili hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24 na halipi ada. Maombi hupelekwa kwenye programu yenyewe, si Brussels wala ubalozini, na anayekuomba pesa akupitishie jina ni tapeli.

Soma tangazo kwa makini kabla ya kujaza fomu. Tafuta mahali palipoandikwa ni chuo gani kinatoa shahada, na kama ni moja ya pamoja au ni mbili. Angalia nchi unazozungushwa. Sheria ya Umoja ya 2016 inamruhusu mwanafunzi mwenye kibali cha nchi moja kwenda kusoma nchi nyingine hadi siku 360 ndani ya programu ya namna hii, lakini Denmark na Ayalandi hazikujiunga na sheria hiyo, kwa hiyo huko utaomba kibali upya, na foleni ya viza inaweza kula wiki za mwanzo za muhula.

Ukimaliza, usiondoke na cheti peke yake. Vyuo vya eneo la Bologna vinatakiwa kukupa nyongeza ya shahada, hati yenye sehemu nane iliyotungwa na Tume, Baraza la Ulaya na UNESCO, bure na kwa lugha inayosomeka nje. Inaeleza ngazi ya shahada, kozi, krediti, alama na mgawanyo wake, na sehemu ya nane inaeleza mfumo mzima wa elimu ya juu wa nchi iliyokupa. Ukipeleka shahada yako Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ili itambuliwe, hasa ikiwa imetolewa na vyuo vitatu vyenye majina ya lugha tatu, ambatanisha hati hiyo. Na kama hukupewa, iombe ungali chuoni, maana kuifuatilia kwa barua pepe kutoka Mwanza ni kazi nyingine.